Kuunganisha si Kuchanganya: Mafaili Sita ya Mono Ndani ya Faili Moja

Tulimaliza kurekodi saa nne usiku, Mji Mkongwe, Unguja, kwenye ghorofa ya juu ya nyumba ambamo kikundi kimoja cha taarabu asilia hufanyia mazoezi. Maikrofoni zilikuwa sita: ya kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi), ya udi, ya fidla, ya mwimbaji, ya akodiani na ya dumbak, ile ngoma ndogo, kwa mpangilio huo, kwa sababu ndivyo waya zilivyofika kwenye kinasa sauti. Nilipoichomeka kadi kwenye kompyuta nikakuta mafaili sita ya mono, yaani kila moja lina chaneli moja tu, njia moja ya sauti, yote ya urefu mmoja, majina yakitofautiana kwa tarakimu ya mwisho tu. Mchanganyaji sauti wa filamu tuliyokuwa tukiitengeneza alitaka faili moja lenye chaneli sita. Nikayaunganisha usiku uleule, nikamtumia, nikalala.

Asubuhi akanipigia simu. "Kaka, mwimbaji wako yuko wapi?"

Kwenye chumba chake chenye spika za 5.1, yaani tano za kawaida na sabufa moja, kanuni ilitoka kushoto, udi kulia, fidla katikati, akodiani na dumbak nyuma ya mgongo wake. Pale ambapo sauti ya mwimbaji, yule mama, ilipaswa kusikika palikuwa na mngurumo tu. Faili lilikuwa zima, wala hakuna sauti iliyopotea. Ila programu yake ilipoona chaneli sita ilidhani imepewa mfumo wa 5.1, na katika mfumo huo chaneli ya nne ni ya sabufa, ambayo hupewa sauti nzito peke yake, takriban hezi 120 kushuka chini. Mwimbaji alikuwa kwenye maikrofoni ya nne. Kilichosikika ni vishindo vya dumbak vilivyopenya kwenye maikrofoni yake.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu karibu kila kinachotatiza watu katika kazi hii kimo ndani yake. Menyu za programu mtu huzizoea kwa siku moja. Kinachosumbua ni kujua faili la chaneli nyingi ni kitu gani hasa, na ni mambo gani lenyewe halijui kuhusu sauti lilizozibeba.

Vitenzi viwili

Kwa mazungumzo ya kila siku tunasema "kuchanganya sauti" tukimaanisha mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni kuchanganya kwenyewe: unachukua sauti ya udi na sauti ya fidla, unazijumlisha namba kwa namba, unapata sauti moja yenye vyote viwili. Ni kama tui lililokwisha kumiminwa chunguni. Hulichoti tena likatoka peke yake. La pili ni kuunganisha: udi unabaki udi, fidla inabaki fidla, ila zote zinasafiri ndani ya faili moja, kila moja kwenye chaneli yake, na anayelipokea anaweza kuzitoa zikiwa vilevile zilivyoingia. Hapo mfano wake ni shanga zilizotungwa kwenye uzi mmoja.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, sauti yake na vyombo vyote vilinaswa kwa pamoja kwenye mfereji mmoja wa santuri. Mchanganyo ulifanyika palepale chumbani, kwa kupanga nani akae karibu na nani akae mbali. Mono ile ina kila mtu ndani yake. Siku hizi zipo programu za akili bandia zinazojaribu kumtenga mwimbaji na vyombo vyake, na baadhi zinasikika vizuri, lakini zinachokupa ni makisio. Mafaili yangu sita yalikuwa mono za namna nyingine: kila moja lilikuwa na maikrofoni moja. Mtu akiniambia "hizi ni mono, unganisha," swali langu la kwanza siku zote ni hilo: mono ya nani, ya chombo kimoja au ya kundi zima? Ukichukua rekodi ya zamani ya mono ukainakili kwenye chaneli ya kushoto na ya kulia, utakuwa na faili la chaneli mbili, lakini stirio hukuipata. Masikio yote mawili yanasikia kitu kilekile.

Tofauti ya vitenzi hivi viwili imejificha kwenye herufi moja katika SoX, programu ya zamani inayoendeshwa kwa amri za maandishi, iliyoanza mwaka 1991. Ukiandika `-m` kwa herufi ndogo, inachanganya. Ukiandika `-M` kwa herufi kubwa, inaunganisha. Kubofya au kusahau kitufe kimoja cha kibodi ndiko kunakoamua kama mwenzako atapata vyombo sita au uji mmoja. FFmpeg, programu nyingine ya amri za maandishi, nayo ina chujio mbili zenye majina yanayokaribiana: `amix` huchanganya, `amerge` huunganisha. Nimeona watu wazima kazini wakizibadilisha bila kujua, kisha wanashangaa mbona faili lina chaneli moja tu.

Kilichomo ndani ya faili

Tuliangalie kwa karibu faili la WAV, muundo ambao vinasa sauti vingi huuandika. Kinasa sauti kinapofanya kazi kwa kilohezi 48, hupima sauti mara 48,000 kwa sekunde. Kila kipimo huitwa sampuli. Kwa biti 24, kila sampuli huchukua baiti 3. Katika faili la mono sampuli hizo zimepangwa foleni moja: ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi mwisho.

Faili la chaneli sita halina foleni sita zilizowekwa moja baada ya nyingine, kwamba kwanza kanuni yote, halafu udi wote. Zimesukwa. Inaandikwa sampuli ya kwanza ya kanuni, ya kwanza ya udi, ya kwanza ya fidla, ya mwimbaji, ya akodiani, ya dumbak. Kisha sampuli ya pili ya kanuni, ya pili ya udi, na kuendelea. Kila fungu la sampuli sita lina baiti 18, na kila fungu ni lahaza moja ya chumba kile, iliyosikiwa na maikrofoni sita. Ni kama ukili: miaa yote inakwenda pamoja, hakuna unaotangulia.

Kutokana na ususi huo yanafuata mambo mawili, na makala hii yote iko juu yake. Kwanza, chaneli zote lazima zianze mahali pamoja na ziende kwa kasi moja, kwa sababu faili halina nafasi ya kuandika kwamba "fidla ilichelewa." Ikichelewa, imechelewa. Pili, kinachoitambulisha chaneli ni zamu yake katika fungu. Hakuna jina lililobandikwa kwenye sampuli. Ya nne ni ya nne.

Rafu au mahali chumbani?

Hapa ndipo mchanganyaji wangu na mimi tulipopishana. Faili la chaneli nyingi hutumika kwa kazi mbili, na kwa kulitazama tu huwezi kujua ni ipi.

Kazi ya kwanza ni kubeba. Chaneli ni rafu za kabati: rafu ya kwanza nimeweka kanuni, ya pili udi. Namba ya rafu haina maana yoyote kuhusu mahali sauti itakapotokea. Vinasa sauti vingi vya filamu hukupa uchaguzi kabla ya kurekodi: uhifadhi mafaili ya mono yaliyotengana, au faili moja lenye chaneli zote. Ni mzigo uleule katika vifungashio viwili.

Kazi ya pili ni kupanga spika. Hapo namba ya chaneli ni mahali chumbani. Mapendekezo ya ITU, umoja wa kimataifa wa mawasiliano, yanayojulikana kama BS.775 yanaweka spika ya katikati mbele ya msikilizaji, ya kushoto na ya kulia nyuzi 30 kila upande, na mbili za mzunguko kati ya nyuzi 100 na 120, yaani nyuma kidogo ya masikio. Ongeza sabufa, unapata ile "tano nukta moja" iliyoandikwa kwenye maboksi ya redio za sebuleni.

Muundo wa WAV ulizaliwa mwaka 1991, kazi ya Microsoft na IBM, na mwanzoni haukuwa na njia ya kusema chaneli ipi ni ya spika ipi. Baadaye ukaongezwa uwanja mdogo kichwani mwa faili, alama yenye biti moja kwa kila spika. Zikiwashwa biti za kushoto, kulia, katikati, sabufa na mbili za nyuma, kisomaji kinajua hili ni 5.1. Zikizimwa zote, alama ikawa sifuri, maana yake ni kwamba chaneli hizi hazijapangiwa spika yoyote: ni rafu tu. Faili lisilo na uwanja huo linaiacha programu ikisie, na programu nyingi zikiona chaneli sita hukisia 5.1. Ndivyo yule mama alivyoishia kwenye sabufa.

Na hata tukikubaliana kwamba ni 5.1, bado mpangilio si mmoja duniani. WAV hufuata kushoto, kulia, katikati, sabufa, kisha mzunguko wa kushoto na wa kulia. Studio nyingi za filamu huzipanga kushoto, katikati, kulia, mzunguko wa kushoto, mzunguko wa kulia, na sabufa mwishoni. Vorbis, muundo mwingine wa faili la sauti, nayo ina mpangilio huo wa filamu ndani ya faili lake. AAC, muundo mwingine tena, huanza na katikati. Programu nzuri hubadilisha mpangilio yenyewe inapogeuza WAV kuwa AAC, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika. Hatari iko kwenye mafaili ya mono, kwa sababu hapo anayepanga ni wewe. Ukipewa mafaili sita yenye namba 1 hadi 6 kutoka studio ya filamu, ukayaingiza kwa namba hizo kwenye WAV, katikati itatokea kulia na kulia itatokea katikati, na mzunguko wa kushoto utaingia kwenye sabufa.

Wanaorekodi kwa maikrofoni za duara zenye vinasio vinne, zinazonasa sauti ya pande zote, wanalijua hili vizuri. Sauti hizo zikishageuzwa huwa chaneli nne zinazoitwa W, X, Y na Z. Mpangilio wa zamani ni huo huo wa alfabeti. Ule unaotumika zaidi sasa, AmbiX, ni W, Y, Z, X. Ukikosea, kilichokuwa mbele kinahamia ubavuni, na cha ubavuni kinapanda juu ya kichwa.

Kupiga makofi

Turudi kwenye jambo la kwanza, mwanzo mmoja. Mafaili yaliyotoka kwenye kinasa sauti kimoja hayana shida: yaliwashwa kwa kitufe kimoja, yanapimwa na saa moja ya ndani. Yaingize yote yakianzia sifuri, basi. Usiyaguse.

Nasisitiza usiyaguse kwa sababu kuna ushauri unaozunguka, kwamba uyakuze mawimbi, utafute kofi katika kila traki, yaani mstari wa kila sauti kwenye programu, uyasogeze hadi makofi yote yalingane. Kwa kinasa kimoja ushauri huo unaharibu. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Fidla ikiwa mita 3 kutoka kwenye dumbak, maikrofoni ya fidla itausikia mkong'oto wa dumbak karibu milisekunde 9 baadaye. Kuchelewa huko hakuna kosa; ndiyo umbali wenyewe, ndicho chumba. Ukiyalinganisha mafaili kwa kofi moja lililopigwa upande mmoja, umeubana ukumbi ukawa nukta. Wapo wahandisi wanaosogeza kwa makusudi wanapochanganya ili kupunguza sauti kukatana, na wanajua wanachofanya, lakini hiyo ni kazi ya kuchanganya. Anayeunganisha ampelekee mwenzake chumba kama kilivyokuwa.

Kofi linahitajika vinasa vikiwa viwili. Siku ile kamera ilikuwa na maikrofoni yake, na kabla ya wimbo wa kwanza nilisimama katikati ya chumba nikapiga makofi matatu. Mzee wa kanuni akaniangalia.

"Mwanangu, wimbo hatujaanza, unatupigia makofi ya nini?"

"Shikamoo mzee. Ni alama. Nitaitafuta kesho kwenye kompyuta ili hivi viwili vianze pamoja."

"Marahaba. Basi na mwisho utupigie tena, usitusahau."

Alisema vile kwa upole wake tu, lakini alikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Kofi la mwisho ni la lazima. Ndani ya kila kinasa kuna kipande cha fuwele kinachotoa mapigo ya saa, na hakuna fuwele mbili zinazokwenda sawasawa kabisa. Tofauti ya sehemu 20 katika milioni ni ndogo na ya kawaida, lakini kwa saa moja inafikia milisekunde 72. Hiyo ni sampuli 3,456. Mwanzo wa mazoezi kila kitu kinalingana. Mwishoni mwimbaji anafumba mdomo kwenye picha na neno bado linasikika, au unasikia dumbak mara mbili. Kofi la kwanza linakuonyesha pa kuanzia, la mwisho linakuonyesha saa ziliachana kwa kiasi gani, na baina ya hayo mawili unaweza kulivuta au kulibana faili la kamera kidogo sana mpaka yote mawili yalingane. Fanya hivyo kwanza, hifadhi, ndipo uunganishe. Ukishaunganisha, chaneli iliyochelewa imefungwa humo pamoja na wenzake.

Kabla ya kubofya

Kasi ya sampuli lazima iwe moja. Faili la kilohezi 44.1 likisomwa kana kwamba ni la 48 linakwenda mbio kwa karibu asilimia 9, na sauti inapanda nusu-toni moja na nusu hivi. Udi unakuwa kama umekazwa nyuzi. Libadilishe kwa programu ili sampuli zihesabiwe upya. Usibadilishe ile namba ya kasi peke yake.

Hakikisha mono ni mono. Programu nyingi huhifadhi sauti ya maikrofoni moja kama stirio, pande zote mbili zikiwa sawa, au upande mmoja ukiwa mtupu. Ukiunganisha sita za namna hiyo unapata chaneli 12. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, bofya menyu ya traki, chagua "Split Stereo to Mono", sikiliza zote mbili, futa isiyo na kazi.

Halafu kuna kishawishi cha kupandisha sauti. Traki ya fidla inaonekana nyembamba, mawimbi madogo, na mkono unakwenda wenyewe kuikuza hadi ifike juu. Ukifanya hivyo kwa kila traki peke yake, uwiano ule tuliokaa nusu saa kuutafuta kwa kusogeza viti unapotea. Kama sauti zote ni ndogo, zipandishe zote kwa kiasi kilekile cha desibeli.

Na urefu uwe mmoja. Yaliyopungua yaongezewe ukimya mwishoni. `amerge` ya FFmpeg husimama faili fupi kuliko yote linapokwisha, kwa hiyo traki moja iliyokatwa mapema inaweza kukata wimbo mzima.

Kazi yenyewe

Kwa Audacity, ambayo ni ya bure na wengi tunayo, vuta mafaili yote sita kwa pamoja uyaangushe kwenye dirisha. Yatajipanga moja chini ya jingine, yote yakianzia sifuri. Yapange juu na chini kwa mfuatano unaoutaka, uyape majina halisi: Kanuni, Udi, Fidla. Kisha nenda "File", "Export Audio". Katika matoleo mapya, kwenye sehemu ya chaneli utaona mono, stirio na chaguo la tatu, "Custom mapping". Ukiliacha kwenye stirio, programu itachanganya vyote sita viwe viwili. Chagua la tatu, bofya "Configure", na dirisha litafunguka: traki zako upande mmoja, chaneli za faili upande wa pili, mistari ikiziunganisha. Weka idadi ya chaneli iwe sita, kisha angalia mstari mmoja mmoja. Bofya traki, bofya chaneli yake. Kila traki iwe na mstari mmoja tu. Traki mbili zikielekea chaneli moja, hapo zinachanganyika. Katika matoleo ya zamani chaguo hili limefichwa kwenye mapendeleo, sehemu ya kuingiza na kutoa mafaili, na usipoliwasha hutaliona kabisa.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba Audacity hupiga sauti kwa stirio tu. Huwezi kuisikia 5.1 yako humo hata ukiwa na spika zote. Hilo lisikutie shaka kuhusu faili.

Chagua WAV, biti 24. MP3 tunayoitumia kila siku haibebi zaidi ya chaneli mbili. FLAC hubeba hadi nane na huchukua nafasi ndogo kuliko WAV bila kupoteza hata sampuli moja, nami naipendelea ninapotuma kwa intaneti ya kupimiwa.

Kwa SoX kazi yote ni mstari mmoja:

`sox -M kanuni.wav udi.wav fidla.wav mwimbaji.wav akodiani.wav dumbak.wav mazoezi.wav`

Mfuatano wa majina ndio mfuatano wa chaneli. Napenda njia hii kwa kazi ya rafu: ukikosea unaliona kosa lako limeandikwa mbele yako.

Baada ya filamu kuchanganywa tulihitaji toleo la 5.1 la wimbo mmoja kwa ajili ya onyesho, na mchanganyaji akanirudishia mafaili sita mapya ya mono, sasa kila moja likiwa la spika moja. Hapo nilitumia FFmpeg, kwa kuwa inaandika alama ya spika kichwani mwa faili:

`ffmpeg -i kushoto.wav -i kulia.wav -i katikati.wav -i sabufa.wav -i nyuma_k.wav -i nyuma_l.wav -filter_complex "join=inputs=6:channel_layout=5.1:map=0.0-FL|1.0-FR|2.0-FC|3.0-LFE|4.0-BL|5.0-BR" -c:a pcm_s24le wimbo.wav`

Sehemu inayoanza na `map` inaonekana kama nyongeza isiyo ya lazima, kwani mafaili yamekwisha kutajwa kwa mfuatano. Usiitoe. FFmpeg ikiachwa ikisie hutafuta kwanza chaneli yenye jina linalofanana, na yenyewe huichukulia kila mono kuwa ni sauti ya katikati. Mafaili yako sita yote yanaweza kujitambulisha kwa jina moja. Andika ramani mwenyewe: faili namba 0, chaneli yake namba 0, iende mbele kushoto, na kadhalika. Ile `pcm_s24le` nayo ina sababu: bila hiyo WAV itaandikwa kwa biti 16 na hutapewa onyo.

Jambo la mwisho ni ukubwa. Chaneli sita za kilohezi 48 na biti 24 ni baiti 864,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya gigabaiti 3 kwa saa. WAV ya kawaida huandika ukubwa wake kwa namba ya biti 32, ambayo haivuki gigabaiti 4 na kidogo. Kwa mzigo wetu kikomo ni kama saa moja na dakika 22. Mazoezi ya taarabu hayaishi kwa saa moja na dakika 22. Kwa marefu zaidi tumia RF64, ndugu ya WAV iliyotengenezwa na umoja wa watangazaji wa Ulaya kwa tatizo hili hili. Katika FFmpeg ongeza `-rf64 auto`. Au gawa kwa nyimbo, jambo ambalo mchanganyaji atakushukuru.

Kujua kama imekwenda sawa

Kulifungua faili na kuona mistari sita ya mawimbi hakuthibitishi kitu. Mawimbi ya fidla na ya akodiani kwa macho hayana tofauti kubwa.

Sasa kabla ya rekodi yoyote nazunguka chumba. Nainama kwenye maikrofoni ya kwanza, nagonga meza mara moja kwa kifundo cha kidole, nasema "moja, kanuni." Nakwenda ya pili, nagonga mara mbili, "mbili, udi." Hivyo hadi sita. Inachukua chini ya dakika moja, na sauti hizo zinabaki mwanzoni mwa kila faili. Nikishaunganisha, nalifungua faili upya kwenye Audacity, ambayo hulitandaza tena kuwa traki sita, nasikiliza kila moja peke yake. Chaneli ya nne ikiniambia "nne, mwimbaji," nimemaliza. Hata faili likibadilishwa jina mara kumi na kupita mikono mitano, mtu wa mwisho atajua nini ni nini kwa kusikiliza tu.

Na ninaambatanisha faili dogo la maandishi. Hili ndilo nililomtumia yule mchanganyaji pamoja na kazi ya pili:

"Chaneli 6, kilohezi 48, biti 24. Hizi ni rafu, si 5.1. Tafadhali fungua kama mono sita. 1 kanuni, 2 udi, 3 fidla, 4 mwimbaji, 5 akodiani, 6 dumbak. Hakuna kilichosogezwa wala kupandishwa. Makofi matatu mwanzoni, matatu mwishoni."

Alipiga simu jioni. Safari hii hakusema kitu kwanza. Aliisogeza simu karibu na spika, nikamsikia yule mama akiimba.